Chanjo ya mbwa ije siku za salfa, na mbwa wa porini apimiwe maji yake

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote, hasa wa huku kwetu kusini. Naomba nafasi niongelee jambo ambalo sijaona mtu akiliandikia barua, nalo ni mbwa tunaosafiri nao porini wakati wa kiangazi. Najua wapo watakaosema huyu kakosa la kuandika, barabara vumbi, korosho nazo zina mambo yake, yeye katuletea mbwa. Naombeni mnisome tu, maana hili jambo linaanza kwa mbwa linaishia kwa mtoto wa mtu, na msimu wenyewe ndo huo unakuja.

Mimi nina mizinga na mikorosho upande wa Liwale. Kwa asiyepajua, ukitokea Nangurukuru kule Kilwa mpaka Liwale ni kilomita 230, ukitokea Nachingwea ni kilomita 129, na hiyo ni barabara ya magari, mashamba na mizinga yetu iko ndani zaidi huko ambako gari haifiki, unaenda kwa miguu au baiskeli, pikipiki pale njia inaporuhusu. Magharibi yetu ndo pori la akiba la Selous lenyewe na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyomegwa humo 2019, kwahiyo ni pori kweli kweli, unaweza ukatembea toka alfajiri mpaka jua linazama hujakutana na nyumba inayofuka moshi.

Watu wakisikia safari ya ukame wanawaza Sahara na ngamia. Waje huku mwezi wa tisa waone. Mvua zimekata toka mwezi wa tano, miyombo imepukutisha majani, nyasi zimeshachomwa na wasaka panya na warina asali wasiojali, chini ni majivu na vishina vilivyochongoka, mito mingi imebaki mchanga, hata Mbwemkuru wenyewe kuna sehemu unavuka mguu mkavu. Kivuli cha uhakika unakipata kwenye mahame tu, kule ambako serikali ya mkoloni iliwahamisha wazee wetu miaka ya 1940 kwa sababu ya malale, watu wakaondoka miembe ikabaki, na mpaka leo msafiri wa pori hilo anapanga safari yake kwa kuhesabu miembe, kutoka hame hili mpaka hame lile.

Sasa huko hamna mtu anaenda peke yake akiwa na akili zake. Unaenda na mwenzio na unaenda na mbwa. Mbwa ndo anakuambia usiku kwamba kuna kitu kimekaribia, mbwa ndo anafukuza nguruwe na nyani shambani wewe ukiwa umechoka huko dunguni. Wazee wa Lindi wanakumbuka habari za simba wala watu, na sio hadithi, watafiti walioandika 2005 walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania nzima toka 1990, na Lindi ilikuwa sehemu mojawapo iliyoumia sana. Walieleza pia kwamba simba anamfuata nguruwe pori, nguruwe anafuata mazao, na mtu analala shambani kulinda mazao yasiliwe na nguruwe, basi wote watatu wanakutana hapo hapo usiku. Kwenye hali hiyo ukiwa na mbwa anayebweka mapema umepata dakika zako za kuwasha moto na kuamshana.

Kwahiyo mbwa ni mtu wa kazi kwenye msafara, na mimi hoja yangu ni kwamba mtu wa kazi anapimiwa maji yake na chakula chake kabla safari haijaanza, anachanjwa kabla hajatoka kijijini, na safari ikiisha anarudi nyumbani na wenzie. Hivi vitatu kwetu havifanyiki, au vinafanyika kwa wachache sana, na madhara yake nitayaeleza.

Nianze na maji maana hapo ndo mbwa wengi wanakufa. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anatoa kidogo tu kwenye nyayo, joto lake lote analitoa kwa kuhema, ulimi nje, na kila anavyohema ndo maji yanavyomtoka. Mbwa wetu wa kienyeji wa kilo 15 hivi akiwa amejilaza nyumbani anahitaji kama lita moja kwa siku, ukimtembeza kwenye jua la mwezi wa kumi hesabu mbili mpaka tatu. Sasa mtu anabeba kidumu cha lita tano cha kwake na mwenzie kwa safari ya kutwa, mbwa hayumo kwenye hesabu, anategemea mbwa atajitafutia njiani. Atajitafutia wapi? Mchanga ule?

Sie tunaofukua maji mtoni tunajua ilivyo. Unachimba kwa mikono na bakuli mpaka mkono unazama begani, maji yanaanza kuchuruzika machafu ya kijivu, unachota unamwaga, unachota unamwaga, mpaka yatulie. Mbwa hapo yuko pembeni anatetemeka, anaingiza pua kila unapotoa mkono, na watu wengi wanamfukuza kwa fimbo kwasababu anabomoa kingo mchanga unafunika shimo. Mimi utaratibu wangu nafukua mashimo mawili, la kwanza dogo la haraka la mbwa, yale maji machafu ya mwanzo ambayo nilikuwa namwaga bure namkingia kwenye dumu lililokatwa nusu, anakunywa anatulia analala, afu nafukua la pili kwa utulivu la kwetu. Na hilo dumu lililokatwa halina uzito, unalifunga juu ya mzigo, kila mnapopumzika unammiminia kidogo kidogo, usimpe yote kwa mkupuo baada ya kiu kali maana anatapika yote na mmepoteza maji na nguvu zake.

Saa za kutembea nazo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Tokeni saa kumi alfajiri, saa nne asubuhi muwe mmeshakaa kwenye mwembe wenu, mnatembea tena jua likilegea saa kumi jioni. Mtu mwenye viatu hajui ardhi ikoje, weka mgongo wa kiganja chako chini uhesabu mpaka saba, ukishindwa basi jua mbwa naye anaungua, na ile ardhi nyeusi iliyochomwa moto ndo mbaya zaidi, inashika joto na vile vishina vya nyasi vinamtoboa katikati ya vidole. Akianza kuchechemea usimwite mvivu, mlaze umuangalie nyayo moja moja. Mama mmoja jirani yangu huwa anabeba vipande vya kanga kuukuu anamfunga mbwa wake miguu anapovuka sehemu zilizoungua, watu wanacheka, ila mbwa wake anarudi mzima kila msimu.

Na mjue dalili. Mbwa aliyezidiwa na joto anahema haraka haraka hata mkisimama, mate yanakuwa mazito yenye utelezi, fizi zinaiva wekundu, anayumba, anaitwa hasikii, wengine wanatapika au kuharisha. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 na kitu mpaka 39, likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika, hapo hamna cha kusema atapoa akifika. Mnasimama hapo hapo, kivulini, mnamwagia maji tumboni, kwenye kinena, kwapani na kwenye nyayo, mnampepea kwa shuka au kwa ungo au kwa chochote, na akiweza kunywa mwenyewe anapewa kidogo. Usimlazimishe maji mdomoni akiwa amelegea, yataingia kwenye mapafu. Msafara wenye lita mbili tu zilizobaki utaona kumwagia mbwa maji ni ufujaji, ndo maana nasema hesabu ifanyike nyumbani kabla ya kutoka.

Mwaka jana kiangazi nilikuwa kwenye fuso linaloingia Liwale, limepakia saruji na bati, na juu kabisa ya bati amefungwa mbwa mweusi kwa mnyororo mfupi wa kumtosha kusimama tu. Mwenye mbwa alikuwa mzee wa makamo anahamia shamba jipya na vitu vyake vyote. Saa saba mchana gari ikasimama kijijini watu wale, abiria wote tukashuka tukakaa chini ya mkorosho, mbwa akabaki juu ya bati lile. Nikamuuliza mzee, mjomba mbwa wako vipi, akaniambia mjomba mbwa anavumilia, hata wa kwetu zamani tulikuwa tunasafiri nao hivi hivi. Nilipopanda kumshusha bati ilikuwa haishikiki kwa mkono, mbwa amelala ubavu, macho wazi, ulimi umekuwa wa zambarau, tukamteremsha mimi na utingo tukammwagia ndoo mbili za mama ntilie, akakata roho kabla watu hawajamaliza ugali. Yule mzee hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alikaa pale akamfungua mnyororo akamfunika na gunia na hakula tena. Alikuwa anaamini tu kitu ambacho wengi wetu tunakiamini, kwamba mbwa anavumilia. Mbwa hamna anachovumilia, ni kwamba halalamiki, basi.

Kaka zangu madereva na utingo naomba hili mlichukue. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo na inagusa pia namna mnyama anavyosafirishwa, haijasema ng'ombe tu. Mbwa akipandishwa juu ya mzigo awekewe turubai au matawi, mnyororo uwe wa kumwezesha kulala na kugeuka, akae juu ya gunia sio juu ya bati, na gari ikisimama wa kwanza kunyweshwa awe yeye. Kwenye bodaboda nako, ule mtindo wa kumtia kwenye kiroba kichwa nje na kumfunga kwenye keria saa tatu nzima, jamani, tenga lipo, matenga ya nyanya yapo kila soko, mbwa anakaa vizuri na upepo unapita.

Mambo mengine ya porini nitayapitia harakaharaka ila msiyadharau. Mbung'o wanapenda kitu kinachotembea na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndo maana mitego yao inashonwa vitambaa vya rangi hizo, kwahiyo kwenye maeneo yao usivae hivyo na usimfunge mbwa kitambaa cha bluu shingoni. Mbwa anaugua nagana, ule ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o, vibaya kuliko hata ng'ombe wengi, anakonda, uso unavimba, jicho linafunga ukungu mweupe au wa bluu, ukiona jicho hilo baada ya safari usikae ukisema ameingiwa na jani, mpeleke kwa bwana mifugo. Na tafadhali msimchome wenyewe dawa ya ng'ombe kwa kukadiria, ile dawa ikizidi kidogo tu kwa mbwa inamharibu ubongo, apimwe uzito kwanza. Kwenye mizinga usimfunge mbwa karibu wakati wa kurina, mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia, nyuki wakichachamaa wanamuua hapo hapo wewe unaangalia huwezi kusogea. Akipita kwenye upupu mkavu usimshike, mpake majivu au udongo kwanza. Na usiku asilale mbali na moto, chui anapenda sana mbwa na anamchukua kimya kimya, kwahiyo ule utaratibu wa kumfunga mbwa pembeni ya kambi eti ndo mlinzi ni kumpelekea chui chakula. Alale kati yenu.

Hapo najua wapo ndugu zangu Waislamu wenzangu wataguna, mbwa alale kati yetu? Nawaelewa, mate yake ni najisi kwetu na utaratibu wa kuosha chombo tunaujua, ndo maana dumu lake la kunywea ni lake peke yake na halichanganywi na vyombo vyetu, na nguo ya kuswalia unaitunza kwenye mfuko wake. Lakini mbwa wa kulinda na wa shamba dini imemruhusu, na watu wa pangoni wanaotajwa kwenye Qur'an walikuwa na mbwa wao. Na kile kisa tulichofundishwa madrasa kila mtu anakijua, mtu alikuwa safarini jangwani kiu imemshika, akashuka kisimani akanywa, alipotoka akamkuta mbwa anaramba udongo wenye majimaji kwa kiu, akasema huyu yamempata yale yale yaliyonipata mimi, akashuka tena kisimani akajaza maji kiatu chake akakishika kwa meno akapanda akamnywesha, na Mungu akamsamehe madhambi yake. Mtu yule hakuwa hata na dumu. Sisi tuna madumu kila nyumba.

Sasa nije kwenye jambo zito, kichaa cha mbwa, na hapa naomba wakubwa wa halmashauri za Liwale, Nachingwea, Ruangwa, Kilwa na wenzetu wa Mtwara wanisikilize.

Korosho zikiisha watu wanarudi vijijini, pikipiki imejaa magunia, mbwa anaachwa, wanasema atakuja mwenyewe anaijua njia. Wengine wanakuja kweli. Wengine hawaji, wanabaki porini wanazurura kwenye makambi yaliyohamwa wanakula mabaki, na huko wanakutana na mbweha. Kwenye mikoa yetu hii mbweha sio wa kupuuzwa kabisa, utafiti uliofuatilia kichaa cha mbwa Lindi na Mtwara toka 2011 mpaka 2019 ulikuta kama nusu ya wanyama waliougua walikuwa wa porini na wengi wao ni mbweha. Sehemu nyingine za nchi ukisema kichaa cha mbwa ni mbwa tu, huku kwetu ni mbwa na mbweha wanapokezana. Yule mbwa aliyeachwa akija kutokea kijijini mwezi wa pili amekonda, mdomo unadondosha mate, watoto wa shule wanamjua jina, wanamsogelea wanamwita.

Kilichobaki mnakijua wenyewe. Mtoto akiumwa na mbwa wa namna hiyo au akirambwa kwenye kidonda, osheni jeraha hapo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, dakika 15 kamili sio kusuuza, msifunge jeraha kwa majani wala msipake mafuta ya taa, afu hospitali siku hiyo hiyo akaanze sindano, na sindano ni za kurudia mpaka zikamilike. Dalili zikishatokea, kuogopa maji, kuweweseka, karibu hamna anayepona duniani kote. Kwa mtu wa kijiji cha ndani Liwale kufika hospitali ya wilaya kwa nauli ya bodaboda mara kadhaa na gharama za sindano ni kuuza debe la ufuta au kukopa, na wapo wanaokatisha sindano njiani kwasababu hela imeisha. Sindano ya mbwa mmoja kabla ya safari ingezuia yote hayo.

Na inawezekana, sio ndoto. Miaka ya 2010 mikoa yetu ya kusini mashariki, Lindi na Mtwara zikiwemo, ilikuwa kwenye mradi mkubwa wa kuchanja mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, na chanjo ilipofanyika ugonjwa ulishuka. Pemba waliufuta kabisa 2014, 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, wakarudi kuchanja mpaka ukaondoka tena. Hapo Pemba kuna somo letu sisi wasafiri, kisiwa kile kimezungukwa na bahari, ugonjwa haukuogelea, kuna mnyama alivushwa na watu. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka ugonjwa unakosa pa kupita, na dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu hata mmoja kwa kichaa kinachotokana na mbwa. 2030 sio mbali.

Tatizo langu mimi ni tarehe. Kampeni nyingi za chanjo zinapangwa kuizunguka Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba. Kwa mtu wa mjini ni tarehe nzuri. Kwa mtu wa korosho mwezi wa tisa ameshahamia shambani, kijijini wamebaki wazee na wanafunzi, mbwa wote wa kazi wako porini na sisi. Bwana mifugo anafika na kiboksi chake pale ofisi ya mtendaji anakuta mbwa wachache wa pale senta, anachanja anaandika ripoti anaondoka, na wala sio kosa lake, yeye kapewa tarehe. Mbwa wanaokutana na mbweha kila siku, wale ambao ndo wangetakiwa wawe wa kwanza, hawajaguswa.

Kwahiyo naomba chanjo ije mapema, ije zile siku za kugawa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Kila mkulima wa korosho anajua siku zile, mwezi wa tano wa sita hivi, chama cha msingi kikitangaza pembejeo zimefika hakuna anayekosa, watu wanatoka mashamba yote, foleni kutwa nzima. Tangazo liwe moja, njoo na kitambulisho chako na mbwa wako. Anayesubiri salfa anasubiri na mbwa wake kivulini, bwana mifugo anapita anachoma, anatoa cheti, kazi imeisha hata kabla salfa haijaisha. Haihitaji gari la ziada wala posho ya siku nyingine, maana watu tayari wamekusanyika wenyewe.

Watasema vijiji vya ndani havina umeme wa kutunza chanjo. Kuna utafiti umefanyika hapa hapa Tanzania ukachapishwa 2016, ulionyesha aina moja ya chanjo ya mbwa inayotumika sana inaweza kukaa miezi sita kwenye nyuzi joto 25, na miezi mitatu kwenye nyuzi 30, na bado ikamkinga mbwa sawasawa na ile iliyotoka kwenye friji. Wataalamu wetu wakaenda mbele wakajaribu chombo cha kupoozea kwa udongo na maji bila umeme, kwa kanuni ile ile ya mtungi wa bibi yangu unaopoza maji ya kunywa. Kwahiyo kila kata inaweza kuwa na akiba yake na mtu mmoja aliyefundishwa kuchoma, mbwa akizaliwa mwezi wowote anachanjwa, haisubiriwi kampeni.

Kitu kimoja zaidi kuhusu hifadhi. Kuingia na mbwa ndani ya hifadhi ya taifa hairuhusiwi na mimi naunga mkono kabisa, japo mpaka wenyewe porini wakati mwingine hauonekani vizuri na mtu anaweza akajikuta yuko ndani. Selous na Nyerere ndo wamebaki mbwa mwitu wengi kuliko sehemu nyingi sana za Afrika, na kichaa au homa ya mbwa wa nyumbani ikiingia kwenye kundi lao linaweza kuisha lote. Askari wa wanyamapori wakikuta mbwa wa mkulima mpakani huwa wanampiga risasi, na wakulima wanachukia. Mimi ningeomba pale mpakani vijiji na hifadhi wakae pamoja, mbwa aliyechanjwa awe na alama shingoni inayoonekana kwa mbali, mkanda wa rangi moja wa mwaka huo, njano au nyekundu lakini sio bluu kwa sababu ya mbung'o niliyoitaja, mwenye mbwa aonywe mara ya kwanza badala ya mbwa kuuawa. Tukifanya hivyo watu wenyewe wataukimbilia mkanda.

Kitongojini kwetu tumeshakaa kikao na wenye mbwa, tumekubaliana kwamba hakuna kutoka kwenda mizingani au korosho na mbwa asiyechanjwa, kila mbwa ana dumu lake na lita zake mbili za akiba, na korosho zikiisha kila mtu anahesabiwa na mbwa wake anaporudi, asiyerudi naye anaeleza na vijana wanarudi kumtafuta. Orodha ya mbwa tunayo, imeandikwa kwenye daftari la mwenyekiti wa kitongoji, jina la mwenye mbwa na rangi ya mbwa. Kilichobaki ni chanjo yenyewe. Tunaiomba ofisi ya mifugo ya wilaya itupe tarehe kabla salfa haijaanza kugawiwa msimu huu, na kama shida ni mafuta ya pikipiki ya bwana mifugo watuambie, tutachanga.

Wenu,
Mfuga nyuki na mkulima wa korosho,
Liwale, Lindi